Mvinyo wa mabibo, duka la akina mama njia ya Shangani, Mtwara: nimenunua chupa 3, haya ndo maoni yangu

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Chupa kubwa ya mililita 750 ni elfu kumi, ndogo elfu tano, na glasi moja ukikaa palepale kwenye benchi ni elfu mbili. Duka lenyewe ni chumba kimoja tu, mlango wa bluu, ukitoka soko kuu unaelekea Shangani, halina spika mlangoni wala makelele, kuna friji moja ya kioo, meza mbili nje chini ya mwarobaini na ubao umeandikwa kwa chaki MVINYO WA MABIBO UPO. Linaendeshwa na kikundi cha akina mama wa huko juu kwenye mikorosho, wanakamua wenyewe kijijini hayo mabibo, yale matunda ya mkorosho, wanaleta mjini. Nimeenda mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mara ya kwanza kuonja, mara ya pili kuuliza maswali, mara ya tatu nilienda na kalamu. Mi ni mwalimu wa historia sekondari na itakuwa ndefu hii, kuna jambo limenikaa moyoni miaka mingi na lile duka ndo limelitoa.

Kinywaji kwanza. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokamuliwa ndimu. Ukimimina tu harufu inakuja, ile harufu ya shamba asubuhi mwezi wa kumi, mabibo yameanguka usiku yameanza kuchacha na nyuki wamejaa, mtu wa kusini huwezi kuikosea. Ukionja ni tamu, afu nyuma inakuja ukakasi kidogo, siyo ule wa uraka, ile pombe yetu ya kienyeji ya mabibo, unaokuvuta ulimi mpaka unatamani kuupangusa kwa kitambaa, huu ni kidogo tu wa kukukumbusha kwamba hili ni bibo siyo zabibu. Nikamuuliza mama anayeuza mmewezaje kuutoa ukakasi, akaniambia, "Mwalimu, siri ni muhogo." Wanapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, wanachanganya kwenye juisi, ule uji unashika ukakasi unazama nao chini, juu inabaki maji safi wanayachuja kwa kitambaa ndo wanayavundika. Muhogo! Kitu kipo kila nyumba. Nimekulia kwenye mikorosho na sikuwahi kujua.

Kasoro zipo na nazisema. Chupa ya kwanza niliyonunua ilikuwa na mashapo mengi chini, nusu kikombe cha mwisho nikamwaga. Kizibo cha ile ndogo hakikazi vizuri, niliilaza kwenye mkoba ikanilowanishia madaftari ya wanafunzi. Umeme ukikatika wanauza ya moto na mvinyo wa mabibo wa moto haunyweki. Na ni tamu kupita kiasi kwa mtu aliyezoea vitu vikavu, nitarudi kwenye hili baadaye kwa sababu kuna mtu kasema vizuri kuliko mimi.

Ila kilichonifanya nirudi mara tatu siyo ladha, ni lebo. Kwenye lebo kuna jina la kikundi, kijiji, wilaya, namba ya simu, kilevi asilimia 11, tarehe ya kujazwa, na namba imeandikwa kwa kalamu ya wino. Shingoni kuna stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, ile ya kielektroniki iliyoanza 2019, nikaipiga kwa simu ikasoma. Pembeni nembo ya TBS, shirika la viwango. Nikamuuliza hii namba ya wino ya nini, akafungua mtoto wa meza akatoa daftari la mistari lenye gamba gumu, akapitisha kidole mpaka akaifikia. Pale pameandikwa chupa yangu imetoka pipa gani, limekamuliwa tarehe ngapi, mabibo ya shamba la nani, kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kupimia sukari, kilisoma ngapi siku ya kwanza na ngapi siku ya mwisho, na nani alikuwa zamu. Yaani mimi nikiumwa tumbo leo, kesho asubuhi wanamjua aliyekamua.

Nilikaa kimya pale kwenye benchi muda mrefu. Mama akadhani sijapenda.

Sasa niwaambie kwa nini. Mimi nimesomeshwa kwa nipa. Wengine mnaita gongo, sheria inaiita moshi, sisi huku ya mabibo tunaita nipa. Mama yangu alikuwa anapika huko Newala, na mtu aliyekaa Newala anajua shida kubwa ya kule siyo kuni wala mabibo, ni maji. Ule uwanda wa Makonde uko juu na maji yako chini, mwanamke anashuka mteremko na ndoo anapanda nayo. Nipa haipikwi bila maji mengi ya kupoozea mrija, kwa hiyo mama alikuwa anashuka usiku, mara tatu, mara nne, mi nikiwa mdogo namfuata na kidumu cha lita tano. Pipa lilikuwa nyuma ya jiko, limefukiwa nusu, mrija wa shaba unapita kwenye mtumbwi wa maji, na mwisho wa mrija matone yanaingia kwenye chupa polepole. Ile ya kwanza kutoka mama alikuwa anaimwaga. Kila mara. Alikuwa anasema hii ya kichwa siyo ya kunywa mtu. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, sare, godoro la bweni, vyote vilitoka kwenye ule mrija.

Lakini mama hakuwa anauza kwa wanywaji. Alikuwa anauza kwa tajiri. Huyo tajiri alikuwa mjini, kwetu hakufika hata siku moja, alikuwa anatuma vijana na baiskeli na madumu ya lita ishirini usiku. Bei anapanga yeye. Sukari alikopesha yeye. Ile hela ya chai ya watu wa kufumba macho alikuwa anaikata yeye kwenye malipo ya mama, na mama hakuwahi kujua ni shilingi ngapi inafika na ngapi inabaki mfukoni kwa tajiri. Kulikuwa na tajiri mwingine wa pili, anatoa bei nzuri zaidi, lakini mwanamke wa jirani alipojaribu kumuuzia huyo wa pili haikupita wiki akavamiwa, pipa likatobolewa. Yeye peke yake kijiji kizima. Wengine wote tuliopika usiku uleule hatukuguswa. Watu wazima wakaelewa.

Afu ikaja zamu yetu. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo. Wamekuja wanne usiku, wawili wamevaa makoti ya kijani na virungu, wakasema sisi mgambo, kaeni chini. Tukakaa chini. Hatukuuliza kitambulisho maana tulishazoea, watu wa namna hiyo walikuwa wanakuja, wanapewa kitu wanaondoka. Wakachukua madumu sita, wakachukua na hela iliyokuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, ile ya ada. Kesho yake ndo tukasikia hawakuwa mgambo, walikuwa vijana wa tajiri wa pili wanamkomoa wa kwanza. Mama alikaa mlangoni asubuhi ile kanga imefungwa kiunoni kama anataka kutoka, anasimama anakaa, anasimama anakaa. Nikamwambia mama twende tukashtaki. Akaniangalia akasema, "Nikashtaki nimeibiwa nini, mwanangu?"

Hilo swali nimeishi nalo. Kila mwaka nikifika kidato cha nne kwenye ile mada ya mdororo mkubwa wa uchumi na Roosevelt na mpango wake, nawatoa wanafunzi nje ya mtaala nusu kipindi nawaambia habari ya marufuku ya pombe Marekani, kwa sababu kule naliona swali la mama yangu limeulizwa na nchi nzima kwa miaka karibu 14.

Kwa wasioijua, kwa ufupi. Marekani iliandika kwenye katiba yake kabisa, marekebisho ya 18, kwamba kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe ni marufuku, yakapitishwa Januari 1919 na kuanza kazi tarehe 17 Januari 1920. Rais Wilson aliipinga sheria ya kuitekeleza, ile iliyoitwa ya Volstead, bunge likaipitisha hivohivo. Angalieni lakini, kunywa halikuwa kosa. Uliyoweka ndani kabla ya tarehe unakunywa nyumbani kwako kwa raha zako. Kwa hiyo tajiri alijaza stoo mapema, maskini ndo akabaki anatafuta kwa mlango wa nyuma. Na daktari alikuwa anaruhusiwa kukuandikia wiski kama dawa unaenda kuchukua duka la dawa.

Na siwadharau walioidai ile sheria, nataka mnielewe hapa. Wengi walikuwa wanawake. Wake za watu waliokuwa wanapigwa, mshahara unaishia baa, watoto wanalala njaa, wamepigania jambo hilo tangu miaka ya 1870 kwa sala na nyimbo mlangoni mwa baa. Nawaelewa kabisa. Kijijini kwetu kulikuwa na mama mmoja kila Ijumaa anakuja kwa mama yangu kumwomba, "Dada, mume wangu akija usimpe," na mama hampi, anaenda nyumba ya tatu anapewa. Maumivu ya wale wanawake ni ya kweli. Na tena kunywa kulipungua kweli miaka ile ya mwanzo, hata vifo vya ugonjwa wa ini vilishuka. Lazima tuseme yote.

Ila mlango mwingine ulifunguka. Chicago alikuwepo bwana mmoja Jim Colosimo, mwenye madanguro na mgahawa, msaidizi wake ni Johnny Torrio. Torrio akaona pombe imepigwa marufuku na watu kiu iko palepale, hii ni hela ya kumwaga. Inaaminika Colosimo hakutaka kuingia sana kwenye biashara hiyo, na Mei 1920 akapigwa risasi ndani ya mgahawa wake, miezi minne tu tangu marufuku ianze, aliyefanya hakuhukumiwa mpaka leo. Torrio akashika kiti, akawa na kijana wake kutoka Brooklyn, Al Capone. Torrio alikuwa mtu wa hesabu, akawagawia magenge mji kwa mitaa kama watu wanavyogawana vituo vya bodaboda, wewe hapa, yule pale, mwenye baa ananunua bia ya genge la mtaa wake hata kama ni mbaya na ghali. Ikakaa kidogo, afu ikavunjika. Novemba 1924 Dean O'Banion wa genge la kaskazini akauawa dukani kwake, alikuwa anauza maua. Januari 1925 Torrio naye akapigwa risasi akapona, akamwachia Capone kila kitu akaondoka.

Wanafunzi hapo wananiuliza, madam, kwa nini walikuwa wanauana badala ya kwenda mahakamani? Na hilo ndo lenyewe. Mahakamani waende wakaseme nini? Kwamba fulani kaniuzia bia mbovu? Kwamba tulikubaliana mapipa mia kaleta themanini? Kwamba kaingia mtaa wangu? Biashara yoyote ina ugomvi, hata ya dagaa ina ugomvi, ila muuza dagaa akidhulumiwa ana mtendaji, ana baraza la kata, ana mahakama ya mwanzo. Mwenye biashara ya marufuku hana. Kwa hiyo anatafuta mtu wa kumlinda, na yule mlinzi akishaona huna pa kwenda anakuwa bosi wako. Ndo genge linavozaliwa, hata bila watu kuzaliwa wabaya. Anayepika ananyonywa, anayekunywa anakunywa sumu, yule wa katikati mwenye virungu na anayejua mlango wa kupeleka chai ndo anatajirika.

Na tarehe 14 Februari 1929, hii siwezi kuisimulia darasani bila sauti kubadilika. Watu 7, wengi wao wa genge la kaskazini, wapo ndani ya gereji mtaa wa Clark, Chicago. Wanaume wanne wakaingia, wawili wamevaa sare za polisi. Wale saba wakageukia ukutani bila kubishana. Inasemekana walidhani ni ukaguzi wa kawaida, wanakuja wanachukua chao wanaondoka. Wakamiminiwa risasi hapohapo ukutani. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Mara ya kwanza nimeisoma hiyo habari nilikuwa chuoni, nikafunga kitabu. Wawili wamevaa sare. Na sisi tulikaa chini. Wale wa kwetu walitaka madumu na kopo la maziwa, tukabaki hai, tofauti ni hiyo tu.

Capone mwenyewe alikuja kunaswa Oktoba 1931, tena siyo kwa pombe wala kwa kuua, kwa kutolipa kodi ya mapato, miaka 11. Marufuku ikafutwa tarehe 5 Desemba 1933. Magenge hayakufutika nayo lakini, yalishajifunza kupanga, kuhonga na kuhesabu, yakahamia kwenye kamari, mikopo ya riba na vyama vya wafanyakazi. Kuna majimbo yalibaki na marufuku yao wenyewe, la mwisho kuiacha ni Mississippi mwaka 1966, na nawaambia wanafunzi waukumbuke huo mwaka kwa sababu ndo mwaka uleule sisi tulipotunga Sheria ya Moshi, inayosema kupika pombe ya kukeneka bila leseni ni kosa. Mama zetu walikuwa wanapika tangu enzi ya mkoloni, na mkoloni naye alikuwa hamruhusu Mwafrika pombe kali za Kizungu, anakunywa yeye na wenzie klabuni.

Habari ya sumu ni nyingine. Marekani kule serikali iliagiza spiriti ya viwandani itiwe vitu vikali ikiwemo methanoli ili watu wasiinywe, mwishoni mwa 1926 wakaagiza iongezwe zaidi, magenge yakawa yanaiiba na kujaribu kuisafisha wanauza, watu wakafa na wengine wakapofuka. Mjomba wangu naye hivohivo. Alikunywa mjini, siyo kwetu, siku ya pili asubuhi akasema mbona leo kuna ukungu, na nje jua linawaka. Mpaka leo anatembea ameshika bega la mjukuu. Mama yangu hajawahi kuacha kujiuliza kama madumu yaliyopita kwa tajiri ndo yakachanganywa na spiriti ili yaongezeke, na mimi namwambia mama wewe ulikuwa unaimwaga ile ya kichwa, na mara nyingi watu wanaokufa wengi kwa mpigo ni kwa sababu mtu wa katikati kaongeza methanoli ya kiwandani, siyo mpikaji. Ananisikiliza tu. Dumu halina lebo. Hawezi kujua na mimi siwezi kumthibitishia.

Ndo maana nilikaa kimya na ile chupa ya namba ya wino.

Kuna mtu ataniambia mwalimu basi unataka kila kitu kiruhusiwe, viroba virudi, vile vifuko vidogo vya pombe kali. Hapana. Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na aliyetangaza ni Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, mtu wa hukuhuku kwetu Ruangwa, mi nilishukuru, maana nilikuwa navikusanya chini ya madawati. Ila kile kilichokatazwa ni kifuko, siyo kinywaji, aliyetaka konyagi aliikuta kwenye chupa, kwa bei inayomshinda mtoto. Ni tofauti kubwa. Kenya nao waliruhusu chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na chupa za kioo, na bado mwaka 2014 watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe yenye methanoli, kwa sababu leseni ikiwa mbali na mtu mdogo ni sawasawa na marufuku, anabaki uchochoroni. Sisi watu wa korosho hatuhitaji hata mfano wa mbali, tunamjua kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo. Mkulima ana njaa mwezi wa nane, kuuza nje ya chama cha ushirika hairuhusiwi, kangomba anakuja usiku na kibakuli chake anapima kwa bei ya kutupa, na mkulima akipunjwa kipimo atamshtaki kwa nani, na yeye mwenyewe ni mkosaji? Ni lile swali la mama.

Turudi dukani. Mara ya pili nilipoenda nilimkuta yule mama anabishana na kijana kwenye simu, kwa upole lakini hamwachii. Kumbe kuna mtu wa mjini aliwauzia chupa tupu mia tatu, themanini zina nyufa shingoni. Akaniambia wameshampeleka kwa mtendaji wa kata na karatasi ya makubaliano, kasaini kulipa kwa mafungu mawili, la kwanza kashatoa, la pili ndo anakumbushwa. Alikuwa ananisimulia huku anafuta meza, kwa yeye ni usumbufu tu wa wiki. Mimi machozi yalinilenga. Madumu sita na kopo la maziwa, na hakuna mtu yeyote duniani alitusainia chochote.

Nikamuuliza leseni na nembo ilikuwa rahisi kupata, akacheka kwa uchovu. Safari nyingi, ada nyingi, fomu, wamechangishana zaidi ya mwaka, mafunzo ya kukamua na kuvundika walipata kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hiyo anashukuru sana. Wenzao kijiji cha pili walikata tamaa njiani wakarudi kwenye mapipa. Hapo ndo roho inaniuma. Bibo ni zito mara nyingi kuliko korosho yake, kila msimu tunaokota korosho na mabibo yanaozea chini ya mti, maana hayakai hata siku mbili. Ukimfungulia njia mwanamke anayejua kuyakamua, unamnyang'anya tajiri wa usiku mtaji wake wote. Ukiijaza ile njia vizuizi na gharama, unamwachia tajiri.

Huduma: nzuri, hawana haraka na wewe, mwanamke unaweza kukaa peke yako na hakuna anayekusumbua. Mtoto hauziwi, nimeona kwa macho kijana wa sare ya shule ametumwa akarudishwa. Sisi wengi huku ni Waislamu na majirani wa duka wengi hawanywi, ndo maana hakuna muziki na saa tatu usiku wanafunga, na pia wana juisi ya mabibo isiyo na kilevi na jamu yake, ile jamu chukueni. Nyota nawapa 4, ile moja ni ya vizibo na mashapo.

Chupa ya tatu nilimpelekea mama. Siku hizi anakaa na mimi, macho bado makali lakini maandishi madogo yanamshinda. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanusa, akaniambia nisomee hapo chini. Nikamsomea jina la kikundi, kijiji, simu. Akasema nirudie namba ya simu. Nikarudia. Akaonja kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni, afu akatoa hukumu yake, wanayachukua mabibo yaliyoiva kupita kiasi na wanaukatisha mapema, wangeuacha siku mbili tatu zaidi utamu ungepungua, na mashapo hayo ni kwa sababu wanachuja mara moja, achuje mara mbili, ya pili kwa kitambaa cha kanga mpya isiyofuliwa kwa sabuni.

Nimemfikishia mama wa duka kama yalivyo. Akafungua lile daftari, akaandika yote, akauliza huyo bibi amejifunzia wapi. Nikamwambia. Hakushtuka wala hakushusha sauti. Akasema mabibo yanaanza kushuka mwezi wa kumi, bibi aje, nauli watatoa wao.